Cheche ya Mwachano na Cheche ya Mruko: Uwashaji wa Injini Kongwe za Mashua na Istilahi Zake

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya sehemu moja ndogo ya injini za mashua, yaani kile kinachowasha petroli ndani ya silinda, na jinsi historia hiyo inavyomhusu mwenye kazi ya kuunda istilahi. Hapana budi tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Tulipokuwa tukitafsiri kijitabu cha utunzaji wa injini kongwe, za aina iliyotumika katika mashua za uvuvi mwanzoni mwa karne ya 20, tulikuta kifaa chenye ncha mbili za chuma zilizomo ndani ya silinda ambazo kazi yake ni kutoa cheche. Bila kusita tuliandika "plagi". Sentensi iliyofuata ikasomeka kwamba fundi ahakikishe ncha za plagi zinagusana barabara kabla ya kila cheche.

Muswada huo tulimpa fundi mmoja mzee wa injini za boti ausome kabla haujapigwa chapa. Alipofika kwenye sentensi hiyo aliivua miwani yake, akatuuliza, "Wanangu, hii plagi inayogusana mmeiona wapi? Plagi ikigusana imekufa." Tulimwonyesha mchoro uliokuwa katika kijitabu cha asili. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akauliza swali la pili, lililotutia haya zaidi kuliko la kwanza: "Na inafunguliwa kwa spana gani, maana mimi hapa naona bolti mbili?"

Mzee alikuwa na haki. Kijitabu nacho kilikuwa na haki. Waliokosea ni sisi tuliosimama kati yao. Katika plagi, ncha mbili zimetengana daima, kwa nafasi ndogo, na umeme hulazimishwa kuiruka nafasi hiyo. Katika kifaa kile cha zamani, ncha hugusana kwanza, umeme ukapita, kisha huachanishwa ghafla, na ni katika kuachana huko ndipo cheche inapozaliwa. Kinachokuwa ubovu katika kifaa kimoja ndiyo kazi yenyewe ya kifaa cha pili. Tafsiri yetu ilikuwa ikimfundisha msomaji ubovu kuwa ndiyo kanuni.

Yafaa tujiulize kwa nini neno "plagi" lilitujia upesi namna ile. Maneno tuliyo nayo ya uwashaji wa injini, kama plagi, koili, pointi, kondensa na distributa, tuliyapata katika gereji. Yalikuja na gari, na gari lilipoenea katika nchi zetu, mfumo wa cheche ya kuruka ulikuwa umekwisha kushinda mifumo mingine yote. Kilichotangulia mfumo huo hakikupata nafasi ya kuzoeleka hapa, kwa hiyo hakikuachiwa jina. Si kwamba injini za petroli hazikuwahi kufika mapema kwa njia ya maji. Mwaka 1915 Waingereza walizisafirisha mashua mbili za petroli, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, kisha zikavutwa nchi kavu kupitia Kongo hadi Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba mwaka huo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. (Msomaji asidhani kwamba jina la kwanza ni la Kiswahili. Ni Kifaransa cha kitoto cha kumwitia paka.) Lakini mashua za vita huja na mafundi wake na kuondoka nao. Lugha ya ufundi hukaa pale ambapo kipuri kinauzwa na kufungwa kila siku.

Hata hivyo, si kweli kwamba Kiswahili hakina mazoea ya kutofautisha vyombo kwa jinsi vinavyowashwa. Wazee wa pwani walizigawa bunduki kwa kigezo hicho hicho. Palikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi unaofuka. Palikuwa na bunduki ya gumegume, iliyopata cheche kwa jiwe kugonga chuma. Na palikuwa na bunduki ya fataki. Baruti ilikuwa ile ile, risasi ile ile, na mtutu haukutofautiana sana. Kilichotofautiana ni njia ya moto kuifikia baruti, na wazee waliona kwamba tofauti hiyo yastahili jina, kwa sababu mwenye gumegume hakuwa na haja ya fataki, na mwenye fataki hakuwa na haja ya jiwe. Jina lilimwambia mtu akanunue nini dukani. Huo ndio mfano tulioufuata baadaye, kama tutakavyoeleza.

Sasa tuitazame historia yenyewe, ambayo haikwenda kwa mstari ulionyoka. Mtu angedhani kwamba cheche ya kuruka, kwa kuwa ndiyo iliyoshinda, ndiyo iliyochelewa kuvumbuliwa. Sivyo. Injini ya gesi ya Étienne Lenoir ya mwaka 1860, huko Ufaransa, tayari ilitumia betri, koili na cheche inayoruka. Tatizo lilikuwa kwamba vifaa vyenyewe havikutegemeka. Kwa hiyo Nikolaus Otto, alipotengeneza injini yake mashuhuri ya mwaka 1876 huko Ujerumani, aliurudia moto wa wazi: kidirisha kilifunguka kwa nukta moja na kuupitisha mwali ndani ya silinda. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach nao walitumia mrija mdogo uliochomwa kwa taa upande wa nje hadi ukawa mwekundu, upande wake wa pili ukiwa wazi kwa silinda.

Mrija huo una kisa kinachohusu mashua moja kwa moja. Mwaka 1886 Daimler alitia injini yake katika mashua ndogo na kuijaribu katika mto Neckar, karibu na Stuttgart. Watu waliogopa kupanda chombo chenye petroli na moto chini ya sakafu yake. Inasimuliwa kwamba ili kuwatuliza aliizungushia mashua nyaya na vikombe vya kauri, wapate kudhani kwamba inaendeshwa kwa umeme. Nyaya hizo hazikuunganishwa na chochote. Kwa hiyo mojawapo ya mashua za kwanza za petroli duniani ilivaa pambo la kifaa ambacho haikuwa nacho, na ambacho baada ya miaka michache tu hapangekuwa na mashua isiyokihitaji.

Kifaa kile cha ncha zinazoachana, tulichokiita plagi kwa makosa, kilitokana na juhudi za miaka ya 1880. Kiini chake ni chepesi kueleza. Umeme wa betri chache kavu hupitishwa katika mzongo mmoja wa waya wa shaba uliozungushiwa kichane cha nyaya za chuma laini. Ncha zinapogusana umeme hupita na chuma kile huwa sumaku. Ncha zinapoachanishwa kwa kishindo cha kamani, sumaku huporomoka, na nguvu yake hutoka kwa namna ya cheche nene katika mwanya unaofunguka. Hapana msongo mkubwa wa umeme mahali popote katika mfumo huu. Mtu aweza kuushika waya wake kwa mkono uliolowa, na zaidi ya kushtuka kidogo hapati madhara.

Sifa hiyo ndiyo iliyoifanya injini ya namna hii ipendwe na wavuvi wa mwambao wa mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Viwanda vya Palmer na Lathrop vilikuwa katika jimbo la Connecticut, Marekani. Huko Nova Scotia, Kanada, palikuwa na kiwanda cha Acadia cha Bridgewater, kilichoanza mwaka 1908, na karakana ya Lunenburg iliyotengeneza injini zilizoitwa Atlantic. Nyingi zilikuwa na silinda moja tu na gurudumu zito la mbele, ambalo mafundi wetu huliita flaiwili. Zilifungwa katika mashua zisizo na paa, mahali ambapo wimbi la chumvi huweza kuimwagikia injini wakati wowote. Umeme wa msongo mkubwa hupenda kuvujia juu ya kauri iliyolowa. Umeme wa msongo mdogo haujali. Ndiyo maana injini hizi ziliendelea kutumiwa na wavuvi wa Nova Scotia na Newfoundland kwa miongo mingi baada ya magari kuiacha njia hiyo.

Palikuwa na faida nyingine ambayo watunga kamusi hawawezi kuikisia wakiwa mezani. Injini hizi zilikuwa za mapigo mawili, na nyingi hazikuwa na gia ya kurudi nyuma. Mvuvi aliyekaribia gati aliuzima umeme, akaiacha injini ipunguze mwendo. Na pale gurudumu lilipokaribia kusimama, pistoni ikiwa inapanda lakini haijafika juu, aliuwasha tena. Cheche ilitangulia, pistoni ikasukumwa kurudi ilikotoka, na injini nzima ikaanza kuzunguka kinyume. Aliyekosea kwa nukta aliigonga gati. Swichi, basi, kwa mvuvi huyo ilikuwa pia breki na gia, na mtafsiri anayeandika "zima injini" mahali ambapo kitabu kinasema "kata umeme" amemnyang'anya breki yake.

Cheche ya kuruka ilirudi kwa nguvu baada ya mwaka 1902. Kabla ya hapo Robert Bosch wa Stuttgart alikuwa amekwisha kuunda magneto ya msongo mdogo, mwaka 1887, kwa ajili ya injini zisizohama. Mhandisi wake Gottlob Honold ndiye aliyeikamilisha magneto ya msongo mkubwa, iliyozaa umeme wake yenyewe kwa kuzungushwa kati ya sumaku, na kuupeleka kwenye plagi ya aina tuijuayo. Betri haikuhitajika tena. Magneto hizo ziliuzwa kwa wingi hata vita vilipozuka mwaka 1914 Waingereza walijikuta wakitegemea sana kifaa cha adui, wakalazimika kuvijenga upya viwanda vyao wenyewe. Katika mashua ndogo palikuwa pia na njia ya tatu: koili yenye mizongo miwili na ulimi mdogo unaotetemeka, ndani ya kisanduku cha mbao. Ulimi huo huukata na kuuunganisha umeme mara nyingi kwa sekunde, ukivuma, na mzongo wa pili hutoa maelfu ya volti. Koili za namna hii zilitumika katika gari la Ford Model T, lililotengenezwa tangu 1908 hadi 1927 kwa mamilioni, na kwa sababu hiyo ndizo zilizosalia kwa wingi zaidi.

Hapa ndipo tunapofika kwa watu ambao kijitabu chetu kiliandikwa kwa ajili yao: wale wanaozirudisha injini hizi katika uhai. Viwanda vingi vilivyozitengeneza vimefungwa, na vipuri vyake haviko sokoni. Mwenye injini hubaki na njia tatu: kutafuta kipuri kutoka injini nyingine iliyokufa, kukichonga kipya, au kukigeuza kipuri cha chombo kingine. Njia ya tatu ndiyo hutumika zaidi, na ndiyo inayodai istilahi sahihi kuliko zote. Anayenunua kipuri cha asili aweza kuandika namba yake tu na asijue jina. Anayegeuza kipuri hana namba. Ana jina peke yake, na jina lisipomwambia kazi ya kitu, atageuza kisichogeuzika.

Tuchukue neno "koili". Mwenye kiwashi cha ncha zinazoachana anahitaji koili ya mzongo mmoja. Aliyeandikiwa "koili" tu ataenda gereji na kurudi na koili ya gari, yenye mizongo miwili. Akiuunganisha waya wake mnene kwenye kiwashi hapati kitu cha maana, kwa kuwa umeme wa msongo mkubwa huteremka kimya kimya kupitia ncha zilizogusana. Mwenzake mwenye plagi, akipewa koili ya mzongo mmoja, naye atakesha akizungusha gurudumu, kwa sababu umeme ule hauna msongo wa kuiruka nafasi ya plagi. Na hali koili ya mzongo mmoja ndiyo kipuri rahisi kuliko vyote kukitengeneza: nyaya za chuma laini zilizofungwa pamoja, na matabaka ya waya wa shaba uliohamiwa. Fundi mwenye subira huimaliza kwa siku moja. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba hiyo ndiyo inayotakiwa.

Koili ya ulimi nayo ina maradhi yake. Ndani ya kisanduku, chini ya lami iliyomiminwa kuzuia unyevu, mna kondensa ya karatasi na bati jembamba. Karatasi hiyo huchakaa kwa miaka, na koili inayovuma vizuri hutoa cheche dhaifu. Warekebishaji huikwangua lami, wakaitoa kondensa ya zamani na kuweka ya kisasa, kisha wakamimina lami tena. Magneto kongwe huwa na maradhi mawili zaidi: sumaku zake hupungua nguvu na hazina budi kutiwa sumaku upya, na gundi iliyohami mizongo yake hulainika kwa joto. Plagi nazo zina shida ya matundu. Injini nyingi za Marekani zilitobolewa kwa nyuzi za skrubu za mabomba ya nusu inchi, ambazo plagi za leo hazina. Dawa yake ni bushi ya chuma, yenye nyuzi za kale nje na nyuzi za milimita 18 au 14 ndani. Bushi ikiwa ndefu mno, cheche hubaki imejificha shimoni, mbali na mchanganyiko wa petroli na hewa.

Tunapenda kukaa kidogo juu ya jambo moja ambalo si la kupoteza muda tu bali la kupoteza roho. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Katika gari huanguka chini na kupeperushwa. Katika mashua huteremka hadi ngamani na kukaa humo. Kwa sababu hiyo distributa za injini za mashua huundwa kwa namna ya kuuzuia mwali uliotokea ndani yake usitoke nje, na sheria za Marekani zinataka vyombo vya umeme vilivyo katika chumba cha injini ya petroli viwe na kinga hiyo. Injini iliyoitwa Atomic Four, iliyotengenezwa na kampuni ya Universal kuanzia 1947 hadi 1985, imo bado katika mashua nyingi za matanga, na wenye mashua hizo hushawishika kununua distributa ya gari kwa kuwa ni rahisi kwa bei na hufanana kwa sura. Vivyo hivyo koili ya ulimi: katika mashua ya wazi upepo huchukua mvuke, lakini ulimi ule hutoa vicheche vyake hewani, na akiufungia ndani ya chumba cha injini mtu ameiweka gumegume juu ya baruti. Tafsiri yetu ya kwanza ilisema "distributa" pasipo kuongeza lolote. Tuliona kwamba neno lilikuwa fupi na safi.

Tuliporudi kwenye muswada tulifuata mfano wa bunduki. Kazi ya jumla tuliiita uwashaji. Chini yake tukaweka uwashaji wa mrija, uwashaji wa mwachano na uwashaji wa mruko. Kifaa cha ncha zinazogusana kikawa kiwashi cha mwachano, na neno plagi tukaliacha kwa kile ambacho kila fundi hukiita hivyo, maana si kazi yetu kulinyang'anya soko neno lake. Koili tukazigawa kuwa za mzongo mmoja na za mizongo miwili. Tulikuwa tumefikiria "koili ya msongo mdogo" na "koili ya msongo mkubwa", kwa kuwa neno msongo limekwisha kuzoeleka katika habari za umeme wa gridi. Lakini mzee alitukumbusha kwamba msongo hauonekani kwa macho, na mzongo pia umefichwa, ila anayeitengeneza koili kwa mikono yake huuona mzongo. Hoja hiyo ilitushinda. Vipuri vya umeme vyenye kinga ya mwali tukaviandikia hivyo hivyo, kila mahali, hata pale ambapo kijitabu cha asili kiliona kuwa msomaji angejua mwenyewe.

Neno moja lilitupa faraja. Kiwashi cha mwachano kina ncha moja isiyotakiwa kugusa chuma cha injini, nayo huhamiwa kwa visahani vyembamba vya jiwe linalong'aa na kuchanika kama karatasi, lisiloungua kwa moto wa silinda. Visahani hivyo hukatwa, hupangwa juu ya kimoja kingine na kubanwa kwa nati. Tulikuwa tumeandika "maika", tukijivunia kwamba tumelitohoa vizuri. Tulipomletea mzee kipande chake alikipasua kwa ukucha, akakiinua kwenye mwanga, na kusema, "Huu si ulanga?" Ulanga, naam, ambao Wajerumani waliuchimba katika milima ya Uluguru kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na kuusafirisha Ulaya. Neno lilikuwamo katika kamusi zetu muda wote huo, na sisi hatukulitafuta humo, kwa sababu hatukutazamia kulikuta ndani ya injini.

Lililobaki ni ule ulimi unaotetemeka. Tulipendekeza "kitetemi". Mzee alilisikia, akalirudia mara mbili kwa sauti ya kulipima, akasema kwamba vijana wake wa karakana hawatalitumia. Kisanduku kile kikiwashwa huvuma, akasema, na wao wameshakiita koili ya nyuki. Katika muswada tumeyaandika majina yote mawili, la kwanza katika matini na la pili katika mabano, na tumeacha nafasi pembeni kwa ajili ya maoni ya wasomaji.